Wageni wa Pole Wamejaa Studio Yetu

Mshauri mpendwa,

Daktari alisema Jumanne hii, tarehe 9 Juni, kwamba Mzee Ladislas atapasuliwa rovu la shingoni tarehe 30, na kwamba baada ya hapo sauti yake inaweza kubaki ilivyo au ikabadilika, yeye haahidi lolote, na ndiyo maana ninakuomba msaada, kwa sababu Mzee Ladislas ndiye mwimbaji wa orkesta yetu, Tulizana ya Kamembe, ana nyimbo sita za kutunga mwenyewe ambazo hazijarekodiwa hata moja, na anayezuia zisirekodiwe ni mimi, ingawa mpaka leo wenzangu wanasema ni bahati mbaya tu.

Nieleze kwa utaratibu. Mzee ni mjomba wangu, ana miaka sabini na mmoja, aliimba Bukavu kabla hatujarudi huku Rwanda, na mwezi wa tatu tuliamua kutengeneza studio yetu wenyewe katika chumba cha wageni cha nyumba yake, kwa sababu studio za Kigali ni za watu wenye uwezo na sisi uwezo wetu ni kompyuta moja ya mkononi yenye ufa kwenye kioo, mikro moja, kadi ya sauti yenye matundu mawili, kaski mbili za kusikilizia, na trei za mayai tisini na nne ambazo Muhire, mpiga gitaa wetu, alizikusanya katika migahawa yote ya karibu na stendi, tukazibandika ukutani hadi kwenye dari, na kwa macho ni studio kabisa, ukiingia unaogopa hata kukohoa.

Lakini sauti za nje ziliendelea kuingia kana kwamba hatukubandika kitu, pikipiki, fundi wa milango ya chuma, watoto wa shule, na kila tukirekodi tunasikia Kamembe nzima nyuma ya Mzee, ndipo nikapata wazo, na wazo lilikuwa langu, nakiri, kwamba kuna asubuhi moja tu katika mwezi mji unanyamaza, maduka yanafungwa, pikipiki hazipiti, nayo ni asubuhi ya umuganda, ile kazi ya umma ya Jumamosi ya mwisho, wakati watu wote wako nje na majembe. Basi Jumamosi ya tarehe 30 Mei badala ya kwenda kuchimba mtaro kama majirani tulijifungia ndani saa mbili, sisi wanne na Mzee, tukashusha mapazia, tukaanza.

Mshauri, kilikuwa kimya ambacho sijawahi kukisikia. Mzee aliimba wimbo wa kwanza, akafika ubeti wa tatu, hakuna kosa hata moja, ndipo mlango ukagongwa, na sauti ya Mutabazi, mkuu wa mudugudu wetu, yaani kitongoji, ikaingia kwenye mikro safi kuliko sauti yoyote tuliyowahi kurekodi: "Hodi! Mwe bantu, muko ngapi humu? Munafanya nini?" Nikatoka hadi sebuleni, na sijui maneno yalitoka wapi, nikasema, "Chef, Mzee amezidiwa, tunamuombea." Mutabazi akavua kofia. Akaingia mpaka kwenye mlango wa chumba, akamwona Mzee amekaa kwenye kiti, macho ameyafumba kwa sababu alikuwa anasubiri tuendelee, naye akainamisha kichwa akasali pamoja nasi, akasema amina, akaondoka polepole, na sala yote imo kwenye kompyuta.

Ningependa iishie hapo. Lakini baada ya kazi, kwenye mkutano, Mutabazi alitangaza mbele ya watu wote kwamba Mzee wetu Ladislas amezidiwa na asiachwe peke yake. Mshauri, hajaachwa peke yake hata nusu saa. Jioni ile walikuja kwaya ya akina Maman na uji wa mtama, kesho yake majirani Waislamu wa upande wa msikiti wakaleta birika la kahawa ya tangawizi na wakakaa mpaka likaisha, Jumatatu ndugu wa Nyakabuye wakashuka na ndizi na jogoo aliye hai, na jogoo huyo sasa anaishi chini ya dirisha la studio. Wageni wanakaa sebuleni, na studio inaingiliwa kwa kupitia sebuleni, kwa hiyo kila wakija Mzee anaacha mikro anakimbilia kitandani, kwani ameshasemwa kuwa amezidiwa, na siku moja alisahau kuvua kaski, Maman mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na hii njo mashine ya hospitali?" nikasema ndiyo, ya kupima presha.

Nyumbani hakuna utulivu pia. Mke wangu Nabintu anauza vitenge sokoni, ana chumba cha depo nyuma ya nyumba yetu, hakina dirisha, kimejaa marobota ya vitenge mpaka juu, na siku moja mvua ilipotufukuza kwa Mzee tulijaribu gitaa mle ndani kwa dakika kumi, gitaa likatoka vizuri mno, kama la redioni, lakini ile ni depo, si studio, na Nabintu alituambia, "Munaacha chumba cha wageni munakuja kukalia bidhaa yangu?" Maman Mukantwari, mke wa Mzee, naye amenikasirikia kwa sababu nilibandika karatasi mlangoni kukataza mtu yeyote asiingie tukirekodi, hata yeye, maana ana tabia ya kuitikia Mzee anapoimba, na mara mbili ameharibu wimbo.

Na sasa daktari ametaja tarehe, na usingizi sina, maana nimemsingizia mjomba wangu ugonjwa na ugonjwa umekuja. Muhire anasema tumhamishe Mzee kwa dada yake kule Gikundamvura pamoja na vyombo vyote, tuseme amekwenda kupumzika. Mpiga ngoma anasema tujifiche tena umuganda ujao lakini tufunge mlango kwa kufuli la nje. Kurekodi lazima niwepo mimi, kwa kuwa ndiye pekee ninayejua kompyuta. Nimekuwekea namba ya simu ya Mzee hapo chini, ukitaka kuhakikisha kwamba sijatunga. Nifanye nini, sauti isije ikapotea kwa uongo wangu?

Vénuste, Kamembe

JIBU

Vénuste,

Barua yako ina jogoo mmoja, trei tisini na nne na uongo mara mbili, ukihesabu ule wa presha. Haina mahali popote ambapo mtu amemuuliza Mzee Ladislas anataka nini. Uliniwekea namba yake. Nimempigia.

Alipokea haraka, kwa sauti ya mtu ambaye hajazidiwa hata kidogo. Nilimuuliza kama wageni wanamsumbua. "Banisumbue na nini? Banakuja na uji," alisema. "Mimi niliimbaka Bukavu miaka kumi na tano, batu banarushiana viti, mimi naendelea. Nani alibaambia hawa batoto kama nahitaji kimya?"

"Mikro ndiyo inahitaji, Mzee," nilimwambia.

"Basi mikro iimbe."

Nilisubiri amalize kucheka. Kisha akasema jambo ambalo wewe, mwenye studio, ulipaswa kulijua tangu mwezi wa tatu. "Bananikalisha ku kiti, uso ku ukuta. Naangalia trei ya mayai. Weye, unaweza kuimbia trei ya mayai?"

Nilikiri kwamba sijawahi kujaribu.

"Mimi naimbia muntu. Ule wimbo wa kwanza nilitungia Mukantwari, kule Kadutu ya Bukavu, mwaka tulioana. Kila mara nikiuimba anakaa mbele yangu, anaitikia. Sasa Vénuste amemufungia inje na karatasi."

Nikamuuliza kuhusu upasuaji. Alisema haogopi kisu, anaogopa kuamka na sauti ya mtu mwingine, mke wake asiitambue. Kisha akaniambia kwamba wageni wameingia, akakata simu.

Sasa tuelewane. Kwanza, rovu halikuja kwa uongo wako. Mzee ameniambia analo mwaka wa tisa, na mwaka jana alikuwa akilifunika kwa skafu kwenye harusi mlizopiga. Uongo hauoteshi kitu shingoni mwa mtu. Kazi uliyofanya uongo wako ni moja, umejaza watu sebuleni, na hiyo unaweza kuirekebisha kwa miguu yako mwenyewe, leo kabla ya jua kuzama.

Nenda kwa Mutabazi. Usitume mtu na usipige simu. Mwambie mlikuwa mnarekodi, mlikwepa umuganda, na ulimsalisha juu ya mtu ambaye hakuzidiwa. Kama kuna adhabu, ipokee na usiombe punguzo. Mlikuwa wanaume wanne wenye mikono miwili kila mmoja. Baada ya hapo mwambie na lililo kweli, kwamba Mzee anapasuliwa tarehe 30, na umuombe atangaze hilo kama alivyotangaza lile la kwanza. Wageni waambiwe uji wauhamishie Julai. Huo ndio wakati shingo ya Mzee itakuwa na bandeji, hawezi kumeza ugali, na mkewe amechoka. Mtu anayeletewa uji siku ambayo hauhitaji, siku ya kuuhitaji anakuta majirani wamemaliza mtama. Umefikiria hilo? Hukufikiria. Ulifikiria ubeti wa tatu.

Gikundamvura msiende. Huko nako kuna watu, watu wale wana masikio, na habari ya ugonjwa itafika kabla yenu, mkute mikeka imeshatandikwa. Kuhusu kufuli la nje, mpiga ngoma wenu apige ngoma.

Nimezungumza na fundi wa sauti mmoja ambaye amerekodi kwaya za parokia kwa miaka mingi na vyombo visivyozidi vyenu. Nilimsomea kipande cha barua yako. Alipofika kwenye trei za mayai aliniomba nirudie idadi. Anasema trei hazizuii kelele kutoka nje, hata mkibandika elfu. Zinapunguza mwangwi kidogo sana, na zinakaribisha mende sana. Kinachomeza mwangwi ni kitu kizito na laini. Godoro. Blanketi. Nguo. Kisha akauliza, "Huyo mtu ana chumba kisicho na dirisha, kimejaa vitenge mpaka juu, na anarekodia kwingine?"

Umehangaika miezi mitatu kuigiza sura ya studio, na studio ilikuwa nyuma ya nyumba yako, mali ya mke wako. Umwombe Nabintu, na umwombe kama unavyomwomba mwenye mali, wala usianze na habari ya bidhaa kukaliwa. Taja siku na saa ya kuingia na ya kutoka, na ahidi kwamba hakuna atakayeingia na kinywaji. Kisha timiza. Jumapili tarehe 21, baada ya misa, mrekodi humo ala zote za nyimbo sita: ngoma peke yake kwanza, halafu besi, halafu gitaa la Muhire. Kadi yenu ina matundu mawili, basi msijitie kurekodi watu watano kwa pamoja. Chomoeni chaja ya kompyuta mnapoanza, mfanye kazi kwa betri. Mvumo wa chini ambao watu husingizia transfoma ya mtaa mara nyingi hutoka kwenye chaja. Simu zote zibaki kwa Nabintu. Na kabla ya kulala, kazi iwe kwenye flashi mbili katika nyumba mbili, kwa sababu kompyuta yenye ufa kwenye kioo imeshakuonya.

Inabaki sauti ya Mzee. Hapa wazo lako la umuganda halikuwa baya. Kosa lilikuwa kujifanya halikuhusu. Umuganda ni wa wenye miaka kumi na minane hadi sitini na mitano. Mzee Ladislas ana sabini na mmoja. Asubuhi ile anaweza kukaa nyumbani kwake, mlango wazi, bila kumdanganya mtu, na kuimba mpaka achoke. Aliyekuwa mkosaji ndani ya chumba kile ni wewe na wenzako watatu.

Najua utakachosema: nani atarekodi, wakati ni wewe pekee unayejua kompyuta? Vénuste, ni kitufe. Nimempigia tena Mzee, safari hii nikaomba kuzungumza na Maman Mukantwari. Nilimuuliza umri wake. Alitaka kwanza kujua ni nani anauliza na ana umri gani yeye mwenyewe. Nikamtajia. Ana miaka sitini na minane, kwa hiyo naye mtaro haumdai. Nikamuuliza kama anaweza kubonyeza kitufe kimoja na kutogusa kingine.

"Nilizaa batoto saba," alisema, "na nilibafundisha bote kuvaa viatu. Kitufe kitanishinda?"

Basi fanya hivi. Ijumaa tarehe 26 jioni, zipange ala za nyimbo sita zifuatane kwenye kompyuta, na dakika mbili za kimya kati ya wimbo na wimbo ili Mzee anywe maji. Kisha uzirudie zote mara ya pili, kwa kuwa mwimbaji mzee hupata moto akishaimba mara moja. Weka alama ya rangi ya kucha kwenye kitufe cha kuanzia. Maman abonyeze mara moja, na asiguse tena mpaka mrudi kutoka kazini. Ng'oeni trei, zirudisheni kwenye migahawa kama bado zinapokelewa. Simamisheni magodoro mawili nyuma ya kiti cha Mzee na blanketi nzito upande wa dirisha. Mikro iwe shibiri moja na nusu kutoka mdomoni, ikiwa na soksi nyembamba ya kike iliyovutwa kwenye kitanzi cha waya mbele yake, ili herufi za pumzi zisipige kama ngumi. Mwishoni mwa Juni mvua si ya kutarajiwa sana kwenu, kwa hiyo mabati yatanyamaza. Jogoo hatanyamaza. Ijumaa hiyo hiyo aingie sufuriani. Mtu anayengojea kupasuliwa anahitaji mchuzi, na ndugu wa Nyakabuye walimleta kwa kazi hiyo hasa.

Kiti cha Mzee kigeuzwe. Mgongo ukutani, uso mbele, na mbele yake, hatua tatu kutoka kwenye mikro, kiti cha pili. Hicho ni cha Maman Mukantwari. Kaski mbili mnazo, ya pili ni yake, asikie anachosikia mumewe. Karatasi yako ya kukataza watu mlangoni uibandue wewe mwenyewe, akikuona.

Naye ataitikia, hilo huwezi kulizuia, na nakuonya mapema: utakaporudi na matope miguuni na kukaa kusikiliza, utamkuta ubeti wa tatu, chini ya sauti ya Mzee, pale pale alipokuwa akiitikia kule Kadutu. Mkono wako utakwenda kwenye kitufe cha kufuta. Urudishe mkono. Hujui Julai sauti ya Mzee itakuwaje, daktari hajui, hata mimi sijui. Ile ya asubuhi hiyo itakuwa imeimbiwa mtu, na mtu huyo atasikika akiipokea. Wewe ulitaka kumtoa.

Jumamosi tarehe 27 Juni, saa mbili kamili asubuhi, Maman Mukantwari anabonyeza. Saa hiyo hiyo wewe, Muhire na wenzenu muwe mtaroni mbele ya Mutabazi, kila mtu na jembe lake. Mkutano wa baada ya kazi mkae mpaka uishe. Jumanne tarehe 30, hospitali imemtaka Mzee afike saa moja asubuhi bila kula kitu; wewe ndiye utakayembebea begi.